Mbuzi ya Bi Mardhiya Haitoki

Ukitaka kumchokoza Bi Mardhiya wa Langoni, mjini Amu, yaani Lamu, mwombe akuazime mbuzi. Si mbuzi wa kufuga, la. Mbuzi ya kukunia nazi, kile kigoda chenye ulimi wa chuma na meno. Mwombe mchele, atakupa. Mwombe unga, sukari, mafuta ya kupikia, sabuni ya kufulia, hata shuka aliyojifunika yeye mwenyewe, atakupa na akulaumu juu yake kwa nini hukusema mapema. Lakini ukitaja mbuzi atakukazia macho, atahamisha tambuu kutoka shavu hili hadi lile, kisha atakwambia, "Mbuzi yangu haitoki." Basi, mazungumzo yameisha. Hata mkwe wake aliwahi kuondoka mlangoni pale mikono mitupu, na nazi zake kwapani.

Watu wamelifanya jambo hilo mzaha. Mtu akiwa mgumu kutoa, mtaani huambiwa ameshika mbuzi ya Bi Mardhiya. Yeye husikia, na hujibu kwa maneno ambayo hayaandikiki hapa, lakini mbuzi haitoki. Kwa nini mwanamke anayelisha nusu ya mtaa awe bahili wa kigoda kimoja cha mbao? Zamani jambo hili lisingesimuliwa. Sasa mwenye siri ameshaitoa mwenyewe barazani kwake, tena huku akicheka hadi akafuta machozi, na hakuna sitara inayovunjwa.

Bi Mardhiya ni mwanamke mnene wa kimo kifupi, mwenye magoti mabovu na mdomo usiojua kupumzika. Marehemu mumewe, Bwana Yunusi, alikuwa mtu wa punda. Alibeba mawe na saruji kuwapelekea mafundi katika vichochoro ambamo hakuna chombo kingine kinachopita. Wenzake walimtania kwamba punda wake ni wakimya kwa sababu wamezoea kumsikiliza mkewe. Alimwachia Bi Mardhiya nyumba ya mawe iliyochoka na binti mmoja aliyekwisha kuolewa. Kwa miaka mingi mama huyu aliuza bajia ufukoni, bajia na chatne ya nazi, na wapo watu wazima hadi leo wanaoapa kwamba hawajaonja chatne kama ile.

Ghala lake la chakula halikuanza kwa mkutano wala kwa hotuba. Ulikuja ule mwaka wa korona, wageni wakakatika, mahoteli yakafungwa, na vijana waliokuwa wakivusha watalii kutoka uwanja wa ndege wa Manda wakawa wanashinda barazani wakitazama maji. Bajia zikabaki. Bi Mardhiya akawa anazipeleka kwa majirani waliofungiwa kazi, na alipoona haja ni kubwa kuliko sinia lake, akaanza kuwapigia kelele wenye maduka. Kelele ndiyo elimu yake. Mwenye duka la jumla alitoa gunia la mchele ili apate kunyamaziwa, na wenzake wakafuata kwa hofu hiyohiyo. Baadaye watu wa msikitini wakaona kwamba vitu vikipita mikononi mwake vinafika, wakaanza kumpelekea fungu la zaka. Magoti yalipomzuia kabisa kwenda ufukoni, waliambizana kwamba anayeisimamia zaka ana haki yake ndani yake, wakamwambia ale humohumo. Akakubali. Tangu hapo sufuria lake na ghala vikawa kitu kimoja.

Vitu vyenyewe alivipanga dakani, kile kiukumbi chenye baraza mbili za mawe kilicho mbele ya mlango wa nyumba za Amu. Na hapa ndipo utakapompenda, kama hujampenda bado. Kila nyumba iliyo na shida huleta kikapu cha ukindu chenye mfuniko, na vikapu vyote alivifanya viwe vya namna moja, vimesukwa na wanawake wa kijiji cha Mbwajumali, kisiwani Pate, kwa agizo lake. Ndani ya mpini kuna uzi wa rangi ambao yeye na mwenye kikapu tu wanaujua. Baada ya sala ya alasiri hufunga mlango wa daka, hupima kwa kibaba, hujaza, hufunika, hutundika ukutani. Halafu hufungua mlango, huingia ndani na kukaa akiipa daka mgongo. Watu huja, huchukua chao, huenda. Yeye, anayejua nani amenunua kanga mpya na nani amenuniana na wifi yake, hageuki. Kwa mwanamke mmbea namna ile, hiyo ni kazi nzito kuliko kubeba gunia.

Sasa tuje kwenye kosa lake, maana alilifanya, tena kwa herufi kubwa.

Rafiki yake mmoja ni Roselyn, mama kutoka bara anayeuza mboga sokoni. Kila jioni Roselyn huleta kabeji na sukuma ambazo hazikununuliwa. Siku moja alikuja amekasirika.

"Mama, kuna mtu alikuwa na unga bale mbili za kuleta, akazunguka huku ndani akapotea, akarudi nazo," alisema. "Andika kitu hapo juu watu wajue. Weka bango."

Bi Mardhiya aliona ni shauri jema. Alimwita kijana anayeandika majina ya boti, akamwambia apake juu ya mlango wa daka neno moja tu, la kijani, lisomeke kutoka mwisho wa kichochoro: SADAKA. Katika masikio yake hapakuwa na neno tamu kuliko hilo. Alisimama kulitazama siku nzima, akiwaita wapita njia walisifu.

Nyumba iliyopakana na yake, ukuta kwa ukuta, ni ya Sharifa Lubna. Amu kuna koo za masharifu, watu wanaoitwa kizazi cha Mtume, na watu huwabusu mikono wakikutana nao. Heshima hiyo ina sharti lake: zaka hawali, na walio waangalifu hawagusi hata sadaka. Hidaya, yaani zawadi, wanapokea, na chakula cha jirani wanapokea kama mtu yeyote. Sharifa Lubna ni katika waangalifu wenyewe. Ndiye aliyefungua chuo sebuleni kwake miaka ile, akawafundisha wasichana wa mtaa kusoma Kurani, na Bi Mardhiya alikuwa mmoja wao, tena yule wa kelele. Mwalimu mwingine angemfukuza. Sharifa alimweka mbele kabisa, karibu na goti lake, akawa anamgusa kidole mdomoni kila alipozidisha. Bi Mardhiya hadi leo akitaja neno "mwalimu" ana maana ya mtu huyo mmoja.

Wakati wote wa korona na baada yake, sahani zilikuwa zikipita kutoka mlango huu kwenda ule. Wali, samaki wa kupaka, tambi za sukari. Na sahani ya Bi Mardhiya haikurudi tupu hata mara moja, maana kwa watu wale kumrudishia jirani sahani kavu ni aibu. Ilirudi na maua ya asumini, kutoka katika mwasumini ulio uani kwa Sharifa. Bi Mardhiya alilala nazo chini ya mto kama bibi harusi.

Wiki ile bango lilipoandikwa, alipeleka sahani ya pilau kama kawaida yake. Sharifa alikuja mlangoni mwenyewe, mwembamba, mtandio mweupe, akaishika sahani bila kuifunua.

"Mardhiya, mwanangu, hichi chatoka kwako ao chatoka dakani?"

Bi Mardhiya alifungua mdomo. Uongo ulikuwa pale pale, mdogo, mtamu, wa herufi chache. Lakini aliyekuwa mbele yake ndiye aliyemfundisha kwamba ulimi utaulizwa. Na kweli yenyewe ilikuwa kwamba nyumbani kwake hakikubaki kitu kisichotoka dakani.

"Chatoka dakani, Mwalimu."

"Allah akuzidishie," Sharifa alisema kwa upole, akamrudishia sahani mikononi. "Wape wenyewe. Usiudhike nami."

Sahani ilirudi na pilau lake, haijaguswa, na kwa mara ya kwanza haikuwa na asumini. Bi Mardhiya alirudi dakani, akalitazama lile neno la kijani alilokuwa akilisifu, akaona haya.

Angekuwa ni Sharifa wa zamani, mwenye mwana anayeleta, jambo lingeishia hapo. Lakini mwanawe, aliyekuwa nahodha wa boti ya hoteli moja kule Manda, aliachishwa kazi, akaenda Mombasa kutafuta nyingine, na simu zake zikawa za kuomba radhi tu. Nyumbani walibaki Sharifa na mjukuu wake Zamzam, msichana wa darasa la pili. Mtaani hakuna aliyejua hali ilivyo. Kila adhuhuri, jiko la Sharifa lilisikika: mbuzi ikikuna nazi, krr, krr, krr. Wapita njia walisema alhamdulillahi, kwa Sharifa wanapika.

Bi Mardhiya peke yake ndiye aliyesikia kingine. Jiko lake na la mwalimu wake yanagawana ukuta, na yeye amekuna nazi za chatne maisha yake yote. Nazi yenye nyama inapokunwa hutoa sauti nzito, ya majimaji, na mkono huenda polepole. Aliyoisikia siku chache baada ya pilau kurudi ilikuwa sauti kavu, ya chuma juu ya mbao. Aliweka sikio ukutani. Akangoja harufu ya tui, haikuja. Akangoja mlio wa mwiko, haukuja. Ndipo akaelewa kwamba mwalimu wake anakuna kifuu kitupu, ili majirani wasikie na wasiulize.

Alikaa sakafuni jikoni mwake akalia. Alilia kwa uchungu na kwa hasira, hasira juu yake mwenyewe kwanza. Ukutani nyuma yake kulikuwa na magunia, na upande wa pili wa ukuta huohuo mtu aliyemfundisha alifu alikuwa anakuna kifuu. Na hakuweza kumwambia mtu. Kumwambia yeyote kungekuwa ni kumvua mwalimu wake nguo njiani.

Jambo la kwanza alilofanya lilikuwa la kijinga, na alilifanya haraka kama kawaida yake. Alimwita Roselyn.

"Roselyn, hizi kabeji zako za jioni ya yeo, usiniwekee mimi. Mpelekee Sharifa hapo, wewe kwa mkono wako, hidaya."

Roselyn hakuuliza. Alipiga hodi, akakaribishwa, akatoa kabeji mbili kubwa.

"Wewe ni mtu wa ihsani, mwanangu," Sharifa alimwambia. "Nani amekutuma?"

Roselyn ni mlokole, hasemi uongo hata kwa mteja anayeuliza kama nyanya ni za leo. "Nimetumwa na Bi Mardhiya," alisema.

Kabeji zilirudi pamoja na salamu. Roselyn alizitua dakani akatingisha kichwa. "Aliniuliza, Mama. Ningesema nini? Kwani akikula yako kuna shida gani?"

"Mwalimu wangu hali sadaka."

"Hata kama ni jirani?"

"Hata akiwa mimi."

Roselyn alimtazama rafiki yake usoni, akaona macho yalivyovimba. Huenda alikisia. Kama alikisia, hakulisema popote, na Bi Mardhiya anamhesabia jambo hilo hadi leo.

Usiku ule Bi Mardhiya aliligeuza jambo kila upande. Bango alikwisha kulipaka chokaa kwa mkono wake, lakini kufuta neno hakukubadilisha kilichomo ndani ya magunia. Ndipo akakumbuka somo la zamani, tena kwa sauti ya Sharifa mwenyewe, goti lile lile: sadaka ikishafika mkononi mwa mwenye haja ni mali yake. Akitaka atakula, akitaka atauza, na akimpa mtu mwingine basi huyo mwingine amepewa hidaya, hakupewa sadaka. Hata sharifu aweza kuila.

Aliruka kitandani, magoti yakamkumbusha umri wake, akakaa tena. Njia ilikuwepo, ila si kwa mkono wake: yeye ameruhusiwa kula humo tu, hakukabidhiwa fungu liwe lake. Lakini ilikuwa na mwiba. Mali ya mtu ni ile anayoweza kuitumia atakavyo. Akimpa mtu kikapu na kumwambia "Mpe Sharifa", hajampa kitu, amemtuma tu, na Sharifa atauliza swali lake lile lile. Ingebidi atoe, kisha anyamaze kabisa. Yeye, Mardhiya, anyamaze! Alicheka gizani, cheko lisilo na raha.

Mtu wa kumpa alimjua. Mlango unaotazamana na wa Sharifa ni wa mama mmoja aitwaye Hindu, mzaliwa wa Mbwajumali, anayeparua samaki sokoni kwa ujira wa siku. Mumewe aliumia mgongo na hanyanyui kitu. Wana watoto wanne, na wote wana midomo. Kikapu chao kilikuwa dakani siku zote. Hindu ana ulimi mkali, lakini mkono wake haujafungika. Akipata papa mmoja wa chumvi, mkia huwa kwa jirani.

Kesho yake Bi Mardhiya alijaza kikapu cha Hindu kuliko kawaida. Mchele vibaba vya kufurika, samli kidogo, na nazi, ambazo dakani huwa adimu. Alisema moyoni: mtu akipika wali wa nazi mzuri, humkumbuka jirani.

"Bi Mardhiya," Hindu aliita kutoka dakani, "kikapu cha yeo kizito. Hujakosea?"

Bi Mardhiya, mgongo umegeuka, alijaza tambuu mdomoni hadi mashavu yakatuna, kusudi asiweze kusema. "Mm-mm," alijibu.

"Na mbuzi yangu imekatika ulimi. Niazime yako."

Alimwazima. Jioni harufu ya wali ilishuka kichochoroni, na watoto wa Hindu wakasikika wakigombea ukoko. Mbuzi ilirudi na bakuli la wali, maana Hindu ni mtu wa desturi. Lakini bakuli lilirudi kwa Bi Mardhiya, mwenye mbuzi, na likitoka mkononi mwake Sharifa angeuliza swali lile lile. Kwa Sharifa hapakuenda kitu. Siku ya pili ikawa hivyohivyo, na sehemu ya mchele ikapanda boti kwenda kwa dadake Hindu Mbwajumali.

Wangapi wangevumilia? Hindu alikuwa na haki. Watoto wake walikuwa na njaa, na hakuna aliyemwambia kwamba ng'ambo ya njia kuna njaa nyingine. Alichosikia yeye ni mbuzi ikikuna kila adhuhuri. Bi Mardhiya aliyajua hayo yote na bado alitamani kutoka nje apige ukelele. Akajilazimisha kukaa. Zamzam alipita kwenda chuoni, kanzu inamcheza mwilini, na Bi Mardhiya akamwuliza kama amekula. "Nimekula," mtoto alijibu upesi, kama aliyefundishwa, akaenda zake.

Siku iliyofuata Hindu alikuja mchana, nazi mkononi, watoto wanalia nyuma yake.

"Bi Mardhiya, mbuzi, tafadhali. Ndaa yawauma."

Bi Mardhiya alikwisha kuinama kuichukua. Na palepale, ameishika, kutoka upande wa pili wa ukuta, ikaanza: krr, krr, krr. Kavu. Aliisikia, na Hindu aliisikia. Bi Mardhiya akasimama wima. Aliirudisha mbuzi chini, akaikalia.

"Mbuzi yangu haitoki," alisema.

"Haitoki?"

"Yeo haitoki."

Hindu alidhani ni utani. Alipoona si utani, uso ulimbadilika. "Jana ilitoka. Nimekukosea nini?"

Bi Mardhiya akazidi kuikalia mbuzi. Angetoa neno moja, yangefuata mengine yote. Hindu alisonya, sonyo refu lililofika mwisho wa kichochoro. "Haya! Kuna wengine wenye mbuzi," alisema, akageuka na nazi yake kuelekea kule kulikokuwa kunasikika.

Hapo ndipo Bi Mardhiya alipozinduka. Amefanya nini? Amemtuma bila kumtuma, kwenye mlango wa mwalimu wake, dakika ileile ambayo kifuu kiko kwenye ulimi wa mbuzi. Kama Hindu atacheka, kama atalisema sokoni, Sharifa Lubna hatatoka nje tena maisha yake. Alienda jikoni akajibandika ukutani, mkono kifuani, akisoma kila dua aliyoijua.

Alisikia hodi. Sauti ya kukuna ikakatika ghafla.

"Nimekuya kuazima mbuzi, Mwalimu," sauti ya Hindu ilisema, bado ina hasira. "Nimesikia yatumika, nikasema..."

Hindu alikuwa ameshaingia jikoni, na kifuu kiko mbele yake. Hakuna mwanamke wa Amu anayesubiri uani kwa jirani yake. Ukutani, Bi Mardhiya alifumba macho.

"Tukua," Sharifa alisema hatimaye. Sauti yake haikutikisika. "Tukua, mimi nimeshamaliza."

"Ahsante, Mwalimu," Hindu akasema, na hasira yote ilikuwa imetoka sautini mwake. "Nitairejesha sasa hivi."

Mlango ukafungwa. Bi Mardhiya alibaki palepale. Alisikia, kutoka ng'ambo ya kichochoro, mbuzi ya Sharifa ikifanya kazi ya kweli, polepole, na sauti nzito. Alisikia watoto wakinyamazishwa. "Ngojeni," Hindu aliwaambia. "Kuna wa kwanza kula kabla yenu." Muda ulipita. Tui lilichemka, harufu ikaja. Halafu hodi tena.

"Mbuzi yako, Mwalimu. Na haki yake."

"Haki ya nani?"

"Ya mbuzi. Kwetu Mbwajumali, mbuzi ya mtu hairudi kavu. Ikikunia wali, hurudi na wali."

Sahani iliwekwa chini. Bi Mardhiya alijua swali linakuja, na lilikuja.

"Wali huu ni wako, Hindu?"

"Ni wangu."

"Umenunua?"

"Nimepewa. Nikipewa si changu?"

"Ni chako," Sharifa alisema, sauti ya mwalimu. "Na kuniletea mimi, nani alikutuma?"

"Anitume nani?" Hindu aliwaka. "Unadhani Bi Mardhiya? Bi Mardhiya yule, wallahi, yeo kaninyima hata mbuzi! Amekaa juu yake! Watoto walia, yeye amekaa juu yake!"

"Mardhiya? Amenyima?"

"Amenyima, Mwalimu! Namuomba, amenikazia macho tu!"

Kisha kutoka upande wa pili wa ukuta kikaja kitu ambacho Bi Mardhiya hakukisikia tangu mwanawe Sharifa alipoondoka: mwalimu wake alikuwa anacheka. Alicheka chini kwa chini, akajizuia, akacheka tena. Alikuwa mwerevu mno asielewe kwa nini Mardhiya amenyima.

"Zamzam," aliita, "ndoo hapa, mwanangu. Osha mikono. Bismillahi."

Bi Mardhiya alijiziba mdomo kwa ukaya wa kichwani mwake, machozi yakamtiririka juu ya vidole. Kupitia ukutani alisikia mtoto akila. Ni sauti ndogo, ya kijiko na sahani, na alisimama kuisikiliza mpaka ikaisha.

Kesho yake, baada ya alasiri, alijaza kikapu cha Hindu, akatia nazi mbili, akakitundika. Akafungua mlango wa daka, akaingia ndani, akaketi na kuigeuzia daka mgongo. Alisikia hatua za Hindu, akasikia kikapu kikitoka ukutani. Hatua hazikuondoka. Na pamoja nazo ilikuja harufu ya asumini, mbichi, iliyochumwa sasa hivi.

"Bi Mardhiya."

"Labeka."

"Mbuzi yako. Yeo yatoka?"

Bi Mardhiya aliyatazama maneno yote aliyokuwa nayo, na yalikuwa mengi. Akayameza.

"Haitoki."

Hindu hakusonya. Kitu chepesi kiliwekwa juu ya baraza, kimefungwa kwenye jani.

"Basi," Hindu alisema taratibu, "na isitoke."